Kutu siyo inayoliua daraja

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa kuwa treni ya umeme inafika Dodoma tangu Julai 2024, madaraja ya chuma ya reli ya zamani, yaani Reli ya Kati, yauzwe skrepa au yatunzwe? Nasema yatunzwe, na anayetaja kutu hajayagonga.

Reli ilifika Dodoma 1910. Madaraja yake yote tunayaita "ya Mjerumani", ingawa Wajerumani wenyewe walilipua mengi mwaka 1916 wakirudi nyuma kuelekea Morogoro. Ribiti, yaani pini ya chuma inayounganisha mabamba ya daraja, hupigwa ikiwa nyekundu kwa moto. Ikipoa inajivuta na kuyabana mabamba. Kuipima, weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga wa pili kwa nyundo ndogo. Ikicheza, au mchirizi wa kutu ukiwa umeshuka chini yake kama machozi, itolewe, iingie bolti. Angalia pia viungo vya chini vinavyoshika tope, na roli, yaani vyuma vya mviringo juu ya nguzo vinavyoliacha daraja litanuke: la mita 30 hurefuka kama milimita 14 chuma kikipanda joto nyuzi 40. Mchanga ukizikwamisha roli hizo, nguzo ndiyo inayosukumwa. Hiyo ni kazi ya ufagio, grisi na rangi.

Muuaji ni mto. Kumbukeni mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, Reli ya Kati ilipokatika kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama kwa miezi. Mto Kinyasungwe, ambao reli hiyo inapita bondeni mwake, kiangazi ni mchanga mtupu. Ukijaa, hayatembei maji peke yake. Mchanga wa chini nao unaondoka. Gogo likinasa kwenye nguzo, maji yanabanwa, yanazunguka, yanachimba mguuni pake. Na huu ndio ubaya wenyewe: mafuriko yakipungua, mchanga unarudi na kulifukia shimo. Mkaguzi akija Agosti anakuta tambarare, anaandika "salama". Achome nondo kando ya nguzo, kisha mita 10 pembeni. Ikizama kirahisi zaidi pale nguzoni, ajue palichimbika na kilichojaa ni mchanga uliolegea. Ukaguzi usio na nondo ni wa rangi tu!

Isitoshe, udongo unaosombwa kutoka vilima vya Mpwapwa na Kongwa unaipandisha sakafu ya mto, na uwazi chini ya daraja unapungua. Hapa msimamo wangu unalegea. Daraja la chuma huinuliwa kwa jeki na nguzo ikaongezewa zege, lakini kupanda mita 1, hata kwa mwinuko wa asilimia 1, kunataka mita 100 za tuta kila upande, na tuta ndilo hubebwa kwanza.

Basi bonde la Kinyasungwe na la Mto Mkondoa, pale sakafu ya mto ilipopanda, nakubali madaraja yang'olewe, yajengwe mengine marefu na ya juu zaidi, mradi misingi ishuke chini kuliko mchanga unaohama na treni za mizigo zisisimame. Kwingine yaachwe. Na yatakayong'olewa yapimwe kwanza kabla ya mtu wa skrepa kuitwa: fremu iliyobeba treni haishindwi na bodaboda na mikokoteni, na makorongo yasiyovukika wakati wa mvua tunayo mengi.