Nilizisingizia twita za titaniamu

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji kuhusu twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba: "Ulisema titaniamu inatoboa masikio. Nimeng'oa twita zangu nikazitia kwenye boksi. Sasa ninunue zipi?" Nikausoma mara tatu, uso ukanishuka. Maneno ni yangu kweli. Niliyaandika hapahapa kwa mbwembwe zote, na nilikosea.

Spika zenyewe ni za njia mbili: wufa ya sauti nzito ya milimita 165, twita ya milimita 25. Masanduku nilichonga mwenyewe, na hiyo sehemu sitaisimulia, ni vumbi na gundi tu. Twita nilizikuta mtandaoni: kuba (kile kiwambo kinachotikisika) za titaniamu, jina kubwa mgongoni, bei ya kutupa. Ilinipasa nishtuke. Mimi nikafurahi.

Siku ya kwanza nikaweka wimbo wa mwanamke na gitaa. Kila alipotamka "s" ilikuwa kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko. Rafiki yangu mmoja alivumilia dakika kumi, kisha akauliza kwa upole kama anaweza kupunguza sauti. Ukiwa umeunda spika kwa mikono yako, swali hilo ni kofi. Bado linaniuma.

Nikahukumu palepale: tatizo ni chuma. Nikazing'oa, nikamgawia kijana mmoja bure, nikarudi kwa muuzaji yuleyule kuchukua za hariri. Wakati huohuo nikaandika ile makala. Makwaruzo yakapungua kidogo, hayakuisha.

Ndipo nilipoacha kubishana na masikio nikachukua mita. Twita ya hariri ya kushoto, ohm 5.6. Ya kulia, ohm 7.1. Na nimeuziwa jozi! Nikaziunganisha kwenye kompyuta na kupima ukinzani kwenye kila masafa, yaani mitikisiko kwa sekunde (Hz), kwa REW, programu ya bure. Mchoro wake hupanda kilele pale kwenye masafa ambayo kuba hutikisika yenyewe bila kusukumwa sana. Ya kushoto ilikuwa 950 Hz, kama karatasi yake ilivyodai. Ya kulia 1,400. Na krosova yangu, kile kichujio cha kuzuia sauti nzito zisifike kwenye twita? Kapasita moja tu, ya kukata kwenye 2,000 Hz kwa desibeli 6 kila oktava, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Hiyo haikati, inaomba. Twita ilikuwa inasukumwa mlangoni kabisa mwa kilele chake, na twita ikilazimishwa kupiga 2,000 Hz kwa nguvu hujizalishia sauti za 4,000 na 6,000 ambazo hazimo kwenye wimbo. Hapo ndipo ukali wa "s" unapokaa.

Sikatai kwamba malighafi ina kazi yake. Kila kuba hufika mahali ikaacha kwenda mbele na nyuma kwa pamoja, ikaanza kujikunja vipande vipande. Hariri iliyopakwa dawa hujikunja mapema lakini bila kelele, maana kitambaa hunyonya mtikisiko. Alumini na titaniamu hushikilia, kisha hulia kama kengele. Kwa kuba ya milimita 25 iliyotengenezwa vizuri, kengele hiyo kwa kawaida iko juu ya 20,000 Hz, na masikio ya mtu mzima hayafiki huko. Beriliamu hupanda juu zaidi. Yamaha waliitumia kwenye NS-1000M mwaka 1974. (Ikivunjika usiiguse kwa mikono mitupu, vumbi lake ni sumu kwa mapafu.)

Na Yamaha haohao walitoa NS-10 mwaka 1978. Ilipoingia studio, mafundi walikuwa wakitundika karatasi ya chooni mbele ya twita ili kupunguza ukali. Kuba yake ni ya kitambaa! Ningelikumbuka hilo kabla ya kuandika, ningenyamaza.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiniulize hariri au titaniamu. Niulize imetoka wapi. Viwanda kama SEAS cha Norway au Scan-Speak cha Denmark hutoa karatasi ya vipimo, na twita ikifika unaiweka kwenye mita ukalinganisha. Twita feki pia huja na karatasi, tena nzuri, ila mbili za boksi moja hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Nunua kwa wakala ambaye kiwanda kinamtambua. Nunua zote mbili kwa mpigo mmoja. Pima kabla hujatoboa ubao. Nasema tena, pima, kwa sababu najua utaruka hapo kama nilivyoruka mimi. Tuna haraka ya kusikia muziki, halafu tunashinda mwezi mzima tukitukana chuma.

Mimi nimenunua jozi nyingine ya hariri, safari hii kwa wakala, nikaikata kwenye 3,000 Hz kwa kapasita na koili, desibeli 12. Rafiki yangu alikuja akakaa mpaka usiku, na kitufe cha sauti hakukigusa.

Zako zitoe kwenye boksi. Pima zote mbili, kisha nitumie michoro na thamani ya kapasita uliyotumia, tuanzie hapo.

Yule kijana niliyemgawia za titaniamu alizikata kwenye 3,500 Hz. Wiki iliyopita nilikwenda kuzisikiliza, na zinaimba. Nilipomuuliza kama anaweza kuniuzia, alicheka tu, akaongeza sauti.