Maumivu chini ya mbavu za kulia wakati wa ujauzito

*Nina mimba ya miezi sita. Kila nikila chipsi mayai usiku, naumwa chini ya mbavu za kulia hadi begani. Muuza duka la dawa amesema ni vidonda vya tumbo. Ni kweli? (Msomaji, Mbagala)*

Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye mfuko wa nyongo, ulio chini ya ini. Katika ujauzito, homoni ya estrojeni huongeza lehemu (kolesteroli) ndani ya nyongo, nayo projesteroni huulegeza mfuko usijikamue vizuri, hivyo nyongo hutuama, ikageuka tope na pengine vijiwe. Kipimo cha utrasaundi, kilekile cha kumtazama mtoto, huvionyesha bila kumdhuru. Hata hivyo, kabla ya yote upimwe presha na mkojo leo hii, kwa kuwa baada ya wiki ya 20 maumivu ya mahali hapohapo yanaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, hasa yakiandamana na kichwa kuuma au macho kuona ukungu. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko vijiwe, na dawa za vidonda zitakuchelewesha tu. Diklofenaki nayo, dawa ya kutuliza maumivu, usiinunue kiholela. Ikifika wiki ya 20, dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru figo za mtoto.

*Wifi yangu alikunywa mafuta ya zeituni na limau, akatoa vijiwe vya kijani chooni. Nami nijaribu? (Msomaji, Tegeta)*

Usijaribu. Madonge hayo huundwa tumboni na mafuta hayohayo aliyokunywa, mithili ya sabuni.

*Daktari anataka kunipasua nikiwa na mimba ya miezi mitano. Si bora nisubiri nijifungue? (Msomaji, Ilala)*

Vijiwe visivyouma huachwa, na tope mara nyingi huondoka lenyewe baada ya kujifungua. Lakini maumivu yakirudi mara kwa mara, kusubiri kuna hatari yake, kwani kijiwe kinaweza kuziba njia ya nyongo na kuvimbisha kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, jambo linalomhatarisha mama na mtoto. Upasuaji wa matundu madogo unafanyika katika ujauzito, na miezi ya kati ndiyo inayopendelewa. Ukipata homa, macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai, nenda hospitali siku hiyohiyo.

*Niache nazi kabisa? (Msomaji, Temeke)*

Hapana. Punguza tui zito na vya kukaanga, ule kidogo kidogo, wala usishinde na njaa, kwa sababu mfuko usiokamuliwa ndio unaotuamisha nyongo.