Mchungaji akikukosea, kasome kwanza habari za Hana na Eli

Mwaka juzi mchungaji wetu alinisema mbele ya kanisa zima kwenye matangazo, hakutaja jina ila alisema kuna wanakwaya wanakuja mazoezini wanapojisikia tu, na macho yakatua kwangu, watu wakageuka. Wiki tatu hizo nilikuwa nalala hospitali, kwenye kanga chini ya kitanda cha mama yangu, na mama hakutaka mtu yeyote ajue anaumwa. Basi sikufika hata nyumbani, humo humo ndani ya daladala nikarekodi voisi ya dakika nne nikairusha kwenye grupu la kwaya, nikamwaga yote mpaka mambo ya nyumbani kwake ambayo hayanihusu kabisa.

Kesho yake mama mmoja mtu mzima wa kwaya akanipigia. Hakunigombeza. Akasema mwanangu, soma Samweli wa kwanza, sura ya kwanza mpaka ya tatu, ukimaliza tuongee.

Jamani someni na nyie, someni taratibu. Hana yuko Shilo anaomba kwa uchungu, midomo inacheza sauti haitoki, na kuhani Eli kakaa kwenye kiti chake karibu na mwimo wa mlango anamwangalia, anaamua huyu mama amelewa, anamwambia aache ulevi. Mtu analia mbele za Mungu kwa kukosa mtoto halafu kiongozi wake wa kiroho anamwita mlevi! Hana angekuwa na sababu zote za kuondoka na kumtangaza. Yeye anamjibu pale pale, anamwita bwana wangu, anasema sikunywa divai wala kileo, mimi ni mwanamke mwenye huzuni, nimeimimina roho yangu mbele za Bwana, usinidhanie kuwa mwanamke asiyefaa. Hajakubali uongo hata kidogo, lakini hajamvunjia heshima mzee. Na Eli naye, mimi hapa ndipo nilipompenda, hatetei cheo chake, anageuka hapo hapo anambariki aende kwa amani.

Sasa angalia maneno. Kwa Kiebrania Hana anasema asidhaniwe kuwa binti wa beliyaali, yaani mtu asiyefaa, na sura inayofuata tu mwandishi anawaita Hofni na Finehasi, watoto wa Eli mwenyewe, wana wa beliyaali. Walikuwa wanachukua nyama ya dhabihu kwa nguvu, wanalala na wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni pa hema. Kwa hiyo Biblia hiyo hiyo inayotufundisha heshima haikuwafichia makuhani uchafu wao, na Eli aliambiwa wazi kwamba amewaheshimu wanawe kuliko Mungu. Nawasihi, kama jambo lako ni wizi au mtu kudhalilishwa, usikae kimya eti unamheshimu mtumishi. Ule mstari tunaotishiwa nao, msiwaguse masihi wangu, ni Zaburi 105:15, rudi nyuma mistari michache utaona unawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wakitangatanga nchi za watu na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Hausemi mchungaji asiulizwe hela ya ujenzi imeenda wapi.

Halafu kuna kijana Samweli, yule mtoto Hana aliyemwomba, sasa anatumika chini ya Eli. Usiku anapewa neno zito kuhusu nyumba ya Eli, analala mpaka asubuhi, anaamka anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, anaogopa kusema. Eli anamwita mwanangu, anamwambia usinifiche neno lolote, na mtoto anamwambia yote bila kupunguza. Mzee anajibu kwamba huyo ni Bwana, na afanye anavyoona vyema. Hapa nililia kweli, maana mimi nilikuwa na ukweli mdogo tu wa kumwambia mtu na nikaupeleka kwa watu sitini isipokuwa yeye.

Ushauri wangu ndio huo: nenda kwa mwenyewe, mapema, na umwite kwa heshima unayomwita siku zote. Usimtumie meseji ndefu, meseji haina uso. Mimi nilienda Alhamisi jioni miguu inatetemeka, nikasema baba mchungaji, ile Jumapili haukuwa uzembe, nilikuwa nauguza. Akavua miwani, akakaa kimya kidogo, akasema nisamehe binti yangu, nilisema bila kuuliza. Nikamwambia na mimi nimekosa, nimekusema vibaya. Akasema ameisikia ile voisi. Hakuongeza neno, akauliza tu mama yuko wodi gani.

Kilichobaki ni grupu. Ukimsema mtu mbele ya watu sitini huwezi kumuomba radhi chumbani ukadhani imeisha, kwa hiyo usiku ule nilirekodi voisi nyingine, haikufika hata dakika moja, nikaituma kule kule.