Kabla hujaigawa kalibu, jua itafungukia wapi

Vijana wanaoanza kuchora kalibu, yaani chuma cha nusu mbili kinachotiwa metali iliyoyeyuka ili ipate umbo la kifaa, kwenye kompyuta hapa Malindi hupenda kuuliza: "Fundi, nibonyeze wapi ili igawanyike?" Hilo utaonyeshwa na mafunzo ya programu yoyote, iwe SolidWorks au FreeCAD. Kazi ngumu iko nyuma yake: kuamua kalibu itafungukia upande gani, na kila uso wa kifaa utabaki kwenye nusu ipi. Asiyeamua hayo mapema atabonyeza mpaka jioni, na programu itamkatalia tu.

Fikiria kinachotokea mashineni. Alumini iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 650 na zaidi za Selsiasi, husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma. Inaganda upesi, nusu moja ya kalibu inarudi nyuma, pini zinasukuma kifaa nje, kisha nusu zinafungana tena. Mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara kwa kalibu ileile. Hapo ndipo njia hii inapoachana na kazi ya wazee wetu. Siwa ya shaba ya Lamu, pembe kubwa ya kupuliza iliyomo katika jumba la makumbusho, ilisubiwa kwa nta: umbo linatengenezwa kwa nta, linafunikwa kwa udongo, nta inayeyushwa ikatoka, shaba inamiminwa, halafu udongo unavunjwa. Fundi wa siwa alikuwa huru kuweka nakshi popote, maana kalibu yake ilivunjwa kila kitu kilipotoka. Wewe huna uhuru huo. Kalibu yako lazima ifunguke bila kukwaruza kitu, na ifunge tena.

Tuchukue mfano wa kwetu: mfuniko wa pampu ya maji wa mashine ya boti. Una umbo la bakuli, matundu manne ya skrubu, na tundu moja ubavuni la kupachikia mpira wa maji. Weka mfuniko huo kwenye skrini, ujiulize mwanga wa jua la saa sita, likiwa juu kabisa, ungefika wapi. Nyuso zinazopata mwanga kutoka juu ni za nusu moja. Geuza kifaa, zinazopata mwanga upande wa pili ni za nusu nyingine. Mpaka kati yao ndio mstari wa mgawanyo. Tundu la ubavuni halipati mwanga upande wowote, kwa hiyo lazima liwe na kipande cha pembeni kinachoteleza na kujiondoa kabla kifaa hakijasukumwa nje. Vipande vya namna hiyo huongeza gharama na matengenezo, basi kabla ya kuvichora muulize mwenye kifaa kama tundu linaweza kuhamishwa. Mara nyingi linaweza, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha pima mteremko wa kuta, yaani ulalo mdogo unaowezesha kifaa kutoka bila kukwaruzwa. SolidWorks ina kipimo kinachopaka nyuso rangi: kijani na nyekundu kwa pande mbili, na njano kwa uso ambao haujapata mteremko wa kutosha. Usianze kugawa kabla hujamaliza njano yote. Kuta za ndani zinahitaji mteremko mkubwa kuliko za nje, kwa sababu alumini inapopoa husinyaa na kubana kiini, yaani sehemu ya kalibu inayoingia ndani ya kifaa. Digrii 1 nje na 2 ndani ni mwanzo mzuri kwa kazi ya kawaida. Lakini hesabu athari yake: ukuta wa ndani wenye kina cha milimita 40, ukiupa digrii 2, unasogea karibu milimita 1.4 kutoka juu hadi chini. Mwambie mteja mapema, kabla hajagundua mwenyewe wakati wa kuunganisha.

Kusinyaa nako kuna nafasi yake, na ni kabla ya mgawanyo. Alumini ya kazi hii husinyaa takribani asilimia 0.5 hadi 0.6, kutegemea aina yake na umbo. Kifaa cha milimita 120 kwa asilimia 0.6 kinahitaji nafasi ya milimita 120.72. Kuza umbo zima kwanza, ndipo uligawe. Ukikuza baada ya kugawa, kila kitu kilichopimwa kwenye kalibu kinabadilika nalo.

Sasa gawa. Ziba matundu yote ya skrubu kwa nyuso ndogo, panua uso wa mgawanyo hadi nje ya bloku la chuma la kalibu, kisha ukate. Programu ikigoma, usibadilishe mipangilio ovyo. Sogeza picha karibu kwenye kila kona ambapo mstari unapanda au kushuka. Kwa kawaida utaona ufa mwembamba kati ya nyuso mbili, au tundu uliloliruka. Mimi hupendelea mstari ukae kwenye usawa mmoja kila inapowezekana, hata ikibidi nibishane na mwenye kifaa, maana uso tambarare ni rahisi kuchonga na kuufunga vizuri.

Kufunga huko ni jambo zito. Eneo la kifaa lenye sentimita 100 za mraba, likisukumwa kwa shinikizo la baa 600, linajaribu kufungua kalibu kwa nguvu ya takribani tani 61, na hapo hujahesabu mifereji inayopitisha metali. Mashine ikizidiwa, metali huvuja kwenye mstari na kuacha ukingo mwembamba wa kuondoa kwa mkono, kifaa hadi kifaa.

Kiini kiweke kwenye nusu inayosogea, yenye pini za kusukumia, ili kifaa kikibana kibane upande huo. Halafu zisogeze nusu mbili kwenye skrini polepole, kata umbo katikati, uangalie pasigongane popote.

Palipo na shaka juu ya kipimo, acha chuma zaidi: kiini kinene kidogo, uvungu (nafasi inayounda nje ya kifaa) mdogo kidogo. Baada ya jaribio la kwanza fundi atachonga panapohitajika. Ukishakata kupita kiasi, atalazimika kuchomelea.