Seva haiwaki baada ya kupigwa Ubuntu, na fundi anataka kufuta kadi ya RAID

SWALI: Habari mtaalamu. Natunza kompyuta za kituo cha afya mkoani Tabora. Tumenunua seva ya mtumba, Dell PowerEdge R720. Diski mbili zenye kumbukumbu za wagonjwa tulizihamisha kutoka seva ya zamani na kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa ziwe kundi moja) ikazitambua. Fundi akaongeza diski tatu mpya za TB 2, akazifunga kwa RAID 5. Alipobonyeza F11 hakuiona flashi ya mfumo wa Ubuntu Server kwenye menyu ya BIOS (njia ya zamani ya kuwasha kompyuta), akaikuta kwenye ile ya UEFI (njia mpya). Usakinishaji ulikwisha bila kosa lolote. Tulipochomoa flashi na kuwasha upya, skrini ikasema hakuna kifaa cha kuwashia mfumo, na kwamba hali iliyowekwa ni BIOS. Fundi amepiga Ubuntu tena na tena, majibu ni yale yale. Sasa anasema diski zina shida: ama afute mpangilio wote wa kadi ya RAID tuanze upya, ama aflashi bayosi, yaani aandike upya programu ya ubao mama. Tufanyeje?

JIBU: Kabla ya lolote, fundi asiguse kadi ya RAID. Mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho, hilo haliwezi.

Jibu la swali lako umeliandika wewe mwenyewe bila kujua. Flashi iliwaka kwa UEFI, seva imewekwa BIOS. Kisakinishi cha Ubuntu hakimuulizi mtu anataka njia ipi. Hutazama kimewashwa vipi, kisha hupanga diski kwa kufuata njia hiyo. Kimewashwa kwa UEFI, basi kimetenga kipande kidogo cha diski, patisheni ya FAT32, na kuweka humo butiloda, programu inayoanzisha mfumo. Seva ikiwaka kwa BIOS haina habari na patisheni hiyo. Inatafuta butiloda mwanzoni kabisa mwa diski, haikuti kitu, inalalamika. Ubuntu yenu ipo, nzima, na kila mlipoirudia imekaa palepale ikisubiri kuitwa.

Bonyeza F2 wakati seva inawaka, ingia System BIOS, halafu Boot Settings, na Boot Mode uitoe BIOS uiweke UEFI. Hifadhi, washa upya. Mabadiliko hayo hayagusi hata herufi moja kwenye diski zako. Nategemea itawaka hapo hapo.

Isipowaka, rudisha flashi, iwashe kwa UEFI, na badala ya kusakinisha fungua shell ya kisakinishi, sehemu ya kuandikia amri. Andika ls /sys/firmware/efi. Folda ikiwepo, uko kwenye UEFI kweli. Isipokuwepo, umeingia kwa mlango wa BIOS na utapoteza muda. Kisha andika lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE uone diski zako. Kundi jipya utalijua kwa ukubwa: diski tatu za TB 2 kwa RAID 5, inayotenga nafasi ya diski moja kwa ulinzi, zinabaki TB 4, ambazo lsblk huzionyesha kama 3.6T. Usidhani sda ndiyo mpya kwa sababu tu imetangulia. Huenda hiyo ndiyo ya wagonjwa. Ukishaijua, efibootmgr -v itakuonyesha orodha ya mifumo ambayo seva inaifahamu. Kama ubuntu haimo, iongeze:

efibootmgr -c -d /dev/sda -p 1 -L ubuntu -l '\EFI\ubuntu\shimx64.efi'

Badili sda na namba ya patisheni zilingane na ulichokiona: unaitaka ile iliyoandikwa vfat, ndiyo ya FAT32. Orodha hii hukaa kwenye kumbukumbu ya ubao mama, haikai kwenye diski. Ndiyo maana mtu akibadili ubao au kuhamishia diski kwenye mashine nyingine, mfumo mzima unaonekana umepotea wakati haujaenda popote.

Sasa nizungumzie hili la kupiga upya, maana ndilo linalonichosha. Mafundi wetu wengi wamejifunzia kazi kwenye kupiga Windows za laptopu, na huko kufomati kunatibu karibu kila ugonjwa. Wanakuja na dawa hiyo hiyo kwenye chumba cha seva. Tarishi akipeleka barua nyumba siyo, huiandiki barua upya, unamwonyesha nyumba. Usakinishaji uliokwisha bila kosa, ukafuatiwa na skrini inayotaja hali ya BIOS kwa jina, haukuambii kwamba diski zimekufa. Ukirudia kwa njia ile ile utapata kilekile, hata ukikesha. Na diski zinazokufa hazipokei mfumo mzima mara kadhaa mfululizo bila kulalamika. Kadi ya RAID yenyewe ingekuwa ya kwanza kuwasha taa ya njano.

Baada ya hapo inakuja dawa ya pili: weka Legacy (ile ile BIOS), badili diski iwe MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Atakayekushauri hivyo muulize TB 4 zako atazifikia vipi. MBR huhesabu sekta kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hesabu inakwamia TB 2.2. Seva itawaka kweli, naye atachukua hela yake aondoke, na karibu nusu ya diski mlizonunua hamtaitumia.

Hiyo Clear Config, yaani kufuta mpangilio wa kadi, anayoitaka fundi wako haichagui. Inafuta makundi yote yaliyo kwenye kadi, na la wagonjwa limo. Mtu mtulivu anaweza kuliunda tena vilevile bila kuandika kitu, data zikarudi. Lakini wanaobonyeza kitufe hicho kwa hasira huwa wanaunda kundi kisha wanakubali na Fast Initialize (kuandaa kundi upya kwa haraka), ambayo huandika sifuri mwanzoni mwa diski, mahali ramani ya patisheni inapokaa. Nimeletewa diski za namna hiyo mara nyingi, na kila anayezileta anasema “alifuta tu mpangilio”.

Kuflashi bayosi kwa sababu mfumo haujaonekana nako sikuelewi kabisa. Bayosi imesoma kadi, imesoma flashi, imekwambia hali iliyopo. Inafanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kuiflashi, hapo ndipo utakuwa na ubao uliokufa kweli, na nyinyi mnajua umeme ulivyo.

RAID yenyewe siyo nakala. Nashangaa bado ni lazima kulisema hili. Diski mbili zinazofanana hukuokoa moja ikiharibika, hazikuokoi na kidole cha mtu. Kwa hiyo ndugu yangu, Ubuntu ikishawaka, kazi ya kwanza ni kuchukua diski ya nje na kunakili kumbukumbu za wagonjwa, kabla ya kuweka programu yoyote. Fundi akikwambia nakala itafanyika baadaye, mshukuru, mlipe nauli, na mlango wa chumba cha seva uufunge.