Roboti ya Kugeuka Ipime kwenye Viungo, Usiipime kwa Uzito

Roboti ya kugeuka ni ya kuchezea, ile unayoikunja ikawa gari na kuikunjua ikawa roboti. Ya kwanza niliyoinunua nikiwa mtu mzima ilipasuka mikononi mwangu siku ileile niliyoitoa kwenye boksi. Ilikuwa gari jekundu lenye paa la plastiki angavu, ile inayoonyesha upande wa pili kama kioo, na kifua cha chuma kilichoujaza mkono. Nilifuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua. Nilipofika pale paa linapoinuka ili liwe mgongo, bawaba ikagoma. Nikasukuma kidogo, nikasikia mlio mdogo mkavu. Ufa ulikuwa umezunguka pini. Wiki haikuisha kabla kipande chote hakijaachia.

Kwa muda mrefu niliamini kosa lilikuwa langu. Siku nilipochukua bisibisi na kuifungua ndipo nilipoelewa: pini ya chuma ilikuwa imepigiliwa katikati ya ile plastiki angavu, tena kwa kubanwa sana. Plastiki ya aina hiyo hainyumbuki kama plastiki ya kawaida. Pini iliyokazwa ndani yake huisukuma mchana na usiku, hata roboti ikiwa imetulia kabatini, na siku moja ufa hutokea. Kama si mimi, angeipasua mwingine. Tangu hapo, kabla ya kutazama sura, rangi au bei, natazama viungo na plastiki iliyovishika.

Najua wengi huanza na uzito. Ukiwasikia wakusanyaji wakisifia roboti mpya, neno la kwanza ni “nzito”. Mapenzi haya yana historia. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ya Japani ilitoa roboti ya katuni, Mazinger Z, ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki chini ya jina Chogokin, na wateja wakazoea kwamba roboti ya maana ni ya chuma. Kampuni ya Hasbro ilipoanzisha roboti za kugeuka za Transformers huko Marekani mwaka 1984, ilichukua roboti ambazo kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa tayari inazitengeneza katika mifululizo yake ya Diaclone na Micro Change, na nyingi kati ya zile za mwanzo zilikuwa na vipande vya chuma. Aliyezishika utotoni hasahau ubaridi ule kiganjani.

Lakini chuma kina gharama zake. Plastiki inaweza kutiwa rangi tangu ikiwa uji, kwa hiyo mkwaruzo hauonekani sana. Chuma lazima kipakwe rangi juu, na kila kipande kinapokisugua kingine wakati wa kugeuza, rangi inabanduka kwenye kingo. Tena uzito ukikaa kifuani, unabebwa na nyonga na vifundo vya miguu, na viungo hivyo mara nyingi ni vya plastiki. Takara ilipoanza mfululizo wa Masterpiece mwaka 2003, Optimus Prime wa kwanza, yule kiongozi wa Transformers anayegeuka lori, alikuwa mkubwa na mwenye chuma kingi. Mwaka 2011 alitoka mwingine katika mfululizo huohuo, mdogo na mwepesi zaidi, na wapo wakusanyaji wengi, nami nikiwamo, wanaomwona huyu wa pili kuwa bora. Anasimama vizuri, na kumgeuza hakuchoshi.

Sasa tuje kwenye viungo vyenyewe. Kuna viungo vya meno, ambavyo ukivikunja vinalia “tik, tik” na kushika kila hatua. Hivi ndivyo ninavyovitaka kwenye nyonga na mabega ya roboti kubwa. Sikiliza mlio: ukiwa mkavu na wa sawasawa, meno ni mazima. Ukiwa mzito upande mmoja na hafifu upande mwingine, kiungo kimoja kitaanza kuteleza mapema. Kuna viungo vya gololi, yaani kichwa cha duara kilichobanwa ndani ya kikombe. Vinaruhusu mikao mizuri, ila hulegea kadiri unavyovitumia. Na kuna vya msuguano tupu, pini ndani ya tundu, ambavyo ubora wake unategemea tu kiwanda kilipimaje tundu. Hapo ndipo roboti mbili za toleo moja zinapotofautiana, moja imekaza na nyingine inayumba. Hata rangi huchangia, kwa sababu plastiki iliyochanganywa rangi tofauti haisinyai kwa kipimo kilekile inapopoa. Na kalibu, yaani chombo cha kuitia plastiki umbo, ikitumika mara nyingi huchakaa. Toleo la kurudiwa, lenye rangi mpya lakini kalibu ileile ya zamani, linaweza kuja na viungo vilivyolegea zaidi na vijinyama vya plastiki kwenye kingo.

Kuna jambo moja linalowachanganya wageni. Wakati mwingine utaona kiwiko au goti lina rangi iliyofifia kidogo kuliko mkono mzima, na uso wake unateleza kama umepakwa nta. Wengi hudhani ni uzembe. Mara nyingi ni kinyume chake: mtengenezaji ameweka hapo plastiki ya POM, ambayo ni imara na haichakai haraka, lakini haishiki rangi vizuri. Gundi nayo haiishiki, kwa hiyo ikivunjika usipoteze muda kuiunga. Mimi nikiona viungo vya namna hiyo nafurahi.

Roboti ikikufikia, igeuze siku hiyohiyo, ikiwezekana mara mbili. Usiiweke kwenye boksi ukingoja siku ya mapumziko. Niliwahi kukaa na moja mwezi mzima, nilipoifungua nikakuta ina mapaja mawili ya kushoto, na muda wa kuirudisha ulikuwa umepita. Linganisha mikono, viganja, magurudumu. Kisha isimamishe kwa mguu mmoja, nyoosha mkono mmoja mbele, uende ukalale. Ukiamka mkono umeshuka au roboti imelala kifudifudi, umepata jibu ambalo hakuna picha ya tangazo itakayokupa.

Kiungo kikigoma, tafadhali usisukume. Kwanza rudia maelekezo, kwa sababu mara nyingi kuna kishikizo kidogo ambacho hujakichomoa. Kama sicho, tafuta skrubu iliyo karibu, uilegeze robo mzunguko. Kwa viungo vya gololi vilivyokaza, nakipasha joto kipande kwa mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo tu, plastiki inalainika kidogo na kiungo kinasogea. Mafuta ya mashine yaweke mbali kabisa, maana yapo yanayoidhoofisha plastiki hadi ikapasuka. Kama ni lazima ulainishe, tumia mafuta ya silikoni, tone moja.

Kilicholegea kina dawa rahisi zaidi. Chomoa gololi, ipake gundi nyeupe ya karatasi tabaka jembamba, iache ikauke kabisa bila kuigusa, ndipo urudishe. Ukiharakisha, gundi mbichi itaganda ndani ya kikombe na utakuwa umejifungia mlango. Baadhi ya watu hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi. Inafanya kazi, ila mimi naiogopa kwenye plastiki iliyopakwa rangi.

Kwa wanaotafuta roboti za zamani, jihadharini na plastiki ya dhahabu. Nasema ile yenye mawimbi ya kung'aa ndani yake, si iliyopakwa juu. Chembe za kung'aa zilizochanganywa humo hudhoofisha plastiki, na miaka ikipita kipande hupondeka kama biskuti, hata kama hakijawahi kuguswa. Haina tiba. Niliwahi kununua moja iliyokuwa bado imefungwa, safi kabisa, na bega likabaki vidoleni mwangu nilipoliinua mara ya kwanza. Iliniuma mno. Leo nikipenda roboti yenye plastiki hiyo, nainunua nikijua itakaa katika umbo moja tu. Plastiki nyeupe nayo iepushe na jua, la sivyo itageuka njano.

Kuhusu nakala feki sina maneno mengi. Nyingi huwa na plastiki laini, pini zinazochomoza na skrubu ambazo vichwa vyake huliwa mara ya kwanza ukizigusa. Kama umepata ya hivyo, ifungue ujifunzie kutengeneza, lakini usiitegemee.

Na kabla ya kununua yoyote, tafuta video ya mtu anayeigeuza mwanzo hadi mwisho bila kukata. Picha za mikao hazina msaada. Tazama vidole vyake: wapi anasita, wapi anabonyeza kwa nguvu, kipande gani kinaachia bila yeye kutaka. Nilifanya hivyo kwa roboti yangu ya karibuni, lori la bluu ambalo karibu lote ni plastiki, jepesi hata mtu anaweza kulidharau. Lilipofika niliigeuza mara tatu usiku uleule, nikaisimamisha kwa mguu wa kulia mkono ukiwa mbele. Asubuhi nilikuta imesimama vilevile.