Uliza Fundi: Stata inazunguka, injini haishiki

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Molo. Mimi ni mwalimu, na gari langu ni Toyota 110 ya mwaka 1998, ya petroli, gia za mkono. Kila asubuhi stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki mpaka nijaribu mara kadhaa, na ikishika inatetemeka kama inayotaka kuzima. Mchana halina neno, nikizungusha ufunguo linawaka papo hapo. Nimenunua betri mpya na plagi mpya, hali ni ile ile. Sasa makanika wangu anasema pampu ya petroli imechoka, nitafute nyingine. Juzi vijana wa bodaboda walinisukuma ndipo nikawahi gwaride. Kinachonishangaza ni kwamba mke wangu akiliwasha, hukanyaga mafuta kidogo tu na linashika upesi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pampu usinunue kwanza. Habari kubwa kwenye barua yako ni hiyo ya mama. Makanika wako angemuuliza yeye mapema, huenda pesa ya betri ingekuwa bado mfukoni mwako.

Gari lisilowaka lina magonjwa mawili tofauti, na lazima yatenganishwe kabla ya kushika spana. La kwanza ni stata kutozunguka, au kuzunguka kwa uvivu, au kulia "ta!" mara moja na kunyamaza. Hapo ndipo unapoitazama betri, vichwa vyake, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini, na stata yenyewe. La pili ni stata kuzunguka vizuri huku injini ikikataa kushika. Hapo betri haina kesi. Gari lako lina hili la pili, na ndiyo sababu hata kusukumwa, ijapokuwa kulikuwahisha gwaride, hakukuwa dawa ya ugonjwa wenyewe: kusukuma kunafanya kazi ya stata, na stata yako ni nzima. Mzee aliyenifundisha kazi hapa Nakuru, enzi za Peugeot 504, hakuturuhusu kufungua boneti kabla hatujamweleza tulichosikia ufunguo ulipozungushwa. Hata leo gereji yangu naiendesha hivyo.

Sasa turudi kwa mama na mguu wake. Injini yako ni ya sindano, yaani petroli inapuliziwa ndani kwa sindano zinazoamriwa na kompyuta ya gari, haina kabureta. Kukanyaga mafuta kabla ya kuwasha hakumwagi petroli ndani kama ilivyo kwa kabureta. Kunachofanya ni kufungua kipepeo kinachopitisha hewa. Usipokanyaga, kipepeo kimefungwa karibu kabisa, na hewa ya kuwashia inapita njia ndogo ya pembeni inayosimamiwa na vali ya sailensa, ile inayoshikilia mzunguko wa injini mguu ukiwa nje. Injini baridi inahitaji hewa nyingi zaidi hapo, na Molo, karibu mita 2,500 juu ya bahari, asubuhi zenu za Julai mnazijua wenyewe. Njia hiyo ikizibwa na masizi, injini inakosa pumzi. Mama akikanyaga kidogo, anaifungulia mlango mwingine.

Kwa hiyo anza hapo. Injini ikiwa baridi, toa kichwa cha hasi cha betri, kisha legeza bomba nene la mpira linalotoka kwenye boksi la chujio la hewa. Sukuma kipepeo kwa kidole utazame nyuma yake. Nina hakika kubwa utakuta utando mweusi unaonata, kama lami iliyochanganywa na oili. Unatokana na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini, na miaka yote hii haujaguswa. Nunua mkebe wa dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta, pulizia kitambaa, upanguse ukingo wa kipepeo na ukuta wake pande zote. Kisha pulizia kidogo kwenye kitundu cha njia ya pembeni, usubiri, upulizie tena. Usichokore kwa waya wala bisibisi. Ile skurubu ndogo inayozuia kipepeo kisifunge kabisa usiiguse hata kidogo, maana wengi huizungusha ili kupandisha sailensa na wakaleta ugonjwa mpya. Fanyia kazi hii nje, mbali na jiko na sigara, uiache dawa ikauke kabla ya kurudisha betri. Siku hiyo ya kwanza sailensa inaweza kuyumba kidogo kwa sababu kompyuta ya gari imesahau ilichokuwa imezoea. Liendeshe tu, litatulia.

Ikiwa masizi yametoka na asubuhi bado ni mapambano, mtazame mpimaji wa joto la maji, kile kidude chenye plagi ya waya mbili kilichochomekwa kwenye njia ya maji ya injini. Ndicho kinachoiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, iongeze petroli. Kikidanganya kwamba injini ina moto, petroli inakuwa haba asubuhi, na mchana huoni tatizo. Makanika mwenye mita atapima: kwenye nyuzi 20 kipimo kinakuwa kati ya omu 2,000 na 3,000, na kwenye nyuzi 80 kinashuka hadi mia mbili na kitu au tatu na kitu. Kama chini ya boneti kuna kile kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, anaweza pia kuunganisha tundu la TE1 na E1, awashe swichi bila kuwasha injini, ahesabu taa ya injini inavyomemeteka. Mimeto miwili, kituo, kisha miwili tena, ni 22, yaani saketi ya kidude hicho. Ila kisipoonyesha 22 msikiachilie bado, kwa sababu kidude kinachodanganya kidogo kidogo hakiwashi taa. Mita ndiyo ya kuaminiwa.

Pampu naiweka mwisho, nayo ina dalili zake. Ukizungusha stata kwa sekunde chache, ukaacha, ukarudia na ikashika safi mara ya pili bila kukanyaga mafuta, basi presha ya petroli inashuka usiku. Hata hapo, kabla ya kulipia pampu, mwambie makanika achomoe kibomba chembamba cha hewa kilicho kwenye kidhibiti presha, mwisho wa reli ya sindano. Kikiwa na petroli ndani au kinanuka petroli mbichi, ngozi ya ndani ya kidhibiti imepasuka, na pampu haina kosa.

Wakati unayafanya haya, usizungushe stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na uipumzishe nusu dakika. Na mtu asikupulizie petroli kwenye njia ya hewa ili "kulishtua". Nimeona nyusi zikiungua.

SWALI: Nina Peugeot 504 pikapu ya kabureta, nabeba mchele kutoka Ahero kwenda Kisumu. Asubuhi linawaka vizuri. Nikilizima likiwa moto, nikapakia, haliwaki mpaka lipoe. Petroli inanuka sana.

JIBU: Ndugu yangu, harufu hiyo imeshasema. Injini ikizimwa na moto wake, joto linapanda kwenye kabureta, petroli iliyo kwenye bakuli inachemka na kumwagikia ndani. Injini imelewa. Ukipigapiga pedali unaongeza nyingine, na ukivuta choki ndiyo unamaliza kabisa. Kanyaga pedali hadi chini, uishikilie hapo bila kuipigapiga, uzungushe stata. Hewa itaingia kwa wingi na kuikausha. Ikishika, achia polepole.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Jumamosi, makanika aangalie ile pakingi nene iliyo kati ya kabureta na manifodi, maana kazi yake ni kuzuia joto, na wengi wakifungua kabureta huirudisha na karatasi nyembamba. Aangalie pia sindano ya floti, ile inayozuia petroli bakuli likijaa, kama inafunga, na bomba la petroli lisigusane na egzosi. Siku ambayo haliwaki na harufu hakuna, usifanye hiyo ya pedali: chomoa waya wa plagi moja, uchomeke plagi ya akiba, uilaze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, ushike kwa koleo lenye mpira mwenzako akizungusha. Cheche ikikosekana likiwa moto na ikarudi likipoa, koili ndiyo ya kubadilishwa.